Kabla ya Kufungua Injini

Lori lenye mzigo wa Lubumbashi likishaiacha Ruaha Mbuyuni, mbele yake ipo Kitonga. Barabara inajikunja kwenye ubavu wa mlima, gia zinashuka moja baada ya nyingine, na injini ambayo tangu Chalinze ilikuwa ikificha udhaifu wake sasa haina pa kuuficha. Hapa ndipo hujulikana kama turbo inajaza hewa sawasawa, kama rejeta imeziba, kama dizeli inafika kwa kiasi kinachotakiwa. Lori likiishiwa nguvu katikati ya kona, utingo huruka na jiwe la kuzuia tairi, matawi ya miti hupangwa barabarani kuwaonya wanaokuja, na kikao huanza. Dereva wa lori la nyuma anasema ni pampu. Mwingine, aliyewahi kupata shida kama hiyo Makambako, anaapa kuwa ni nozeli. Wa tatu keshapiga simu Mbeya kuulizia bei ya turbo.

Hakuna aliyepima chochote.

Saa yenye thamani kuliko zote katika ufundi wa injini za malori ni ile ambayo hakuna nati inayofunguliwa. Ni saa ya kumhoji dereva, kuutazama moshi, kufunga geji, kusoma maltimita na kuandika namba kwenye kipande cha karatasi. Ni saa hiyohiyo ambayo katika gereji zetu nyingi, kuanzia Tabata hadi Mariakani, hakuna anayekubali kuilipia. Mwenye gari hulipa spea, kisha hulipa mkono ulioifunga. Akili iliyotafuta ugonjwa haimo kwenye hesabu. Matokeo yake ni malori yanayovuliwa vipuri vizima kimoja baada ya kingine, mpaka kile kibovu kifikiwe kwa bahati, na bahati hiyo humgharimu mwenye gari fedha nyingi kuliko fundi yeyote mwenye maarifa.

Barabara hii ya Kitonga yenyewe imekuwa chuo cha ufundi kwa zaidi ya miaka hamsini. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilijikuta imekatiwa njia ya mafuta ya kusini, na mapipa ya dizeli na petroli yakaanza kusafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kwenda kusini-magharibi, kwenye vumbi wakati wa kiangazi na kwenye matope wakati wa masika. Wageni waliiita njia ya jehanamu. Gari likiharibika kati ya Iringa na Mbeya, msaada ulikuwa mbali, na aliyeshika spana alilazimika kuielewa injini aliyonayo au kulala hapo. Ufundi mwingi unaotembea leo kati ya Dar es Salaam na Tunduma una asili yake katika shida hiyo: kijana aliyekuwa utingo akajifunza kwa dereva, dereva naye alijifunza kwa lori.

Msingi wa elimu hiyo ungali uleule. Mwaka 1897, mjini Augsburg, Ujerumani, Rudolf Diesel alionyesha injini iliyogeuza takriban asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi, kiwango ambacho injini za mvuke za wakati wake hazikukikaribia. Haikuhitaji cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka joto lake linapita nyuzi 500, kisha mafuta yanapulizwa humo na kuwaka yenyewe. Kwa hiyo injini ya dizeli, iwe ya mwaka 1960 au ya jana, inadai mambo matatu kabla ya mengine yote: hewa ya kutosha, mgandamizo wa kutosha, na mafuta safi yanayofika kwa wakati wake.

Moshi ulikuwa kipimo cha kwanza, na bado una faida. Moshi mweusi unasema mafuta yamezidi hewa: filta ya hewa imejaa vumbi, mpira wa intakula umechanika, au turbo imechoka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe ni dizeli isiyowaka, au maji ya rejeta yanayopenya ndani ya silinda. Lakini lori linalokosa nguvu bila kutoa moshi wowote kwa kawaida lina njaa ya mafuta, na hapo fundi makini haikimbilii pampu. Anaanzia kwenye tangi. Anafunga kipande cha bomba la plastiki linaloonyesha ndani, kati ya tangi na pampu ya kuvuta, kisha anatazama mapovu. Wengi hudanganyika hapa kwa sababu hawaoni dizeli ikidondoka popote. Upande wa kuvuta haudondoshi. Nati iliyolegea hapo inavuta hewa ndani, na nje panabaki pakavu kabisa.

Mwinuko nao una siri zake. Lori linaloondoka Mombasa usawa wa bahari kuelekea Malaba hupanda hadi zaidi ya mita 2,700 pale Timboroa, ambako msukumo wa hewa umepungua kwa zaidi ya robo. Turbo nzima huifidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Ufa mdogo kwenye mpira wa hewa, ambao pwani haukusikika, huko juu hugeuka kuwa moshi mweusi na mwendo wa kutambaa. Dereva akisema gari lake ni zima Voi na bovu Timboroa, hajakosea, na fundi anayemsikiliza keshapata nusu ya jibu.

Kisha ikaja kompyuta.

Mwaka 1995 kampuni ya Denso ya Japani ilitoa mfumo wa komoni reli kwa malori ya Hino, na baadaye watengenezaji wengi wakafuata njia hiyo au inayofanana nayo. Badala ya pampu kupimia kila silinda mafuta yake kwa meno na chemchemi, pampu moja inajaza bomba la pamoja kwa shinikizo ambalo leo hufika na hata kupita baa 2,000, na kompyuta inaamua kila injekta ifunguke lini na kwa muda gani. Ndani ya pampu na injekta hizo, vyuma vinapitana kwa nafasi ya mikroni chache tu, na mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kinachovilainisha vyuma hivyo ni dizeli yenyewe. Ndiyo maana dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, ambayo injini ya zamani iliweza kuivumilia kwa muda, huiua injekta ya sasa. Serikali zimelijua hilo. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka yake ya udhibiti wa nishati na maji, na Kenya mwaka 2018 ikaongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Chembe za maji na vumbi kutoka kwenye madumu ya kando ya barabara hazizuiwi na tozo yoyote. Hizo huzuiwa na filta halisi, iliyobadilishwa kwa wakati.

Komoni reli imeharamisha pia mbinu moja ya zamani. Kwa injini za pampu ya kawaida, fundi aliyetafuta silinda iliyolala alilegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine, injini ikiwa inaunguruma. Alipolegeza bomba na mlio usibadilike, silinda ile ndiyo iliyokuwa haifanyi kazi. Ilikuwa mbinu nzuri. Kwa baa 2,000 ni njia ya kupoteza mkono: mchirizi wa dizeli usioonekana vizuri hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha linaloonekana dogo kama la sindano huhitaji upasuaji wa haraka. Kazi ileile sasa hufanywa kwa kompyuta ya kupimia, inayozima injekta moja moja bila kugusa bomba. Kila fundi mkuu wa gereji anapaswa kuwaeleza vijana wake jambo hili kabla ya kuwakabidhi spana ya kwanza.

Hata hivyo, vifaa vya bei ndogo havijafa. Injini ya komoni reli inayozunguka bila kuwaka mara nyingi haijapata shinikizo la kuanzia, ambalo kwa injini nyingi ni karibu baa 200; chini ya hapo kompyuta haifungui injekta kabisa. Kwa injini ambazo mirija ya kurudisha mafuta iko nje, chupa sita zinazolingana zinatosha: kila injekta inaelekezwa kwenye chupa yake, stata inazungushwa kwa sekunde chache, na chupa inayojaa kupita wenzake inaonyesha injekta inayovujisha shinikizo lote. Injekta moja imepatikana. Tano zimeokolewa, pamoja na pampu ambayo kikao cha barabarani kilikuwa kimekwisha kuihukumu.

Tatizo kubwa zaidi limezaliwa na taa ya injini kwenye dashibodi. Mashine ya kusomea hitilafu imeenea. Fundi umeme anaichomeka, namba zinatokea, na spea inayotajwa kwenye namba inaagizwa siku hiyohiyo. Lakini namba ya hitilafu ni shahidi tu: inasema kompyuta iliona nini, haisemi nani aliyetenda. Katika mfumo wa J1939 unaotumiwa na malori mengi, kila hitilafu ina sehemu mbili, SPN inayotaja kinachopimwa, na FMI inayotaja namna kilivyoonekana. SPN 100 ni shinikizo la oili ya injini. Ikija na FMI 1, kompyuta inaiamini sensa yake na inasema oili kweli imeshuka kiwango cha hatari. Injini izimwe sasa hivi, beringi za krankishafti ziko hatarini. Ikija na FMI 4, kompyuta inasema volti ya waya ule iko chini kuliko sensa nzima inavyoweza kutoa. Yaani huenda oili haina kosa, na kinachotafutwa ni waya ulioshika bodi au sensa iliyokufa. Namba ileile ya 100, na maana mbili zilizo mbali mno. Anayesoma nusu ya kwanza na kuiacha ya pili anaweza kufungua injini nzima kwa ajili ya waya uliochubuka, au kubadilisha sensa na kuendelea na safari huku injini ikijiua.

Jibu la shaka hiyo ni geji ya kawaida, ile ya mshale, inayofungwa mahali pa sensa. Haina betri wala programu. Ikionyesha oili iko sawa, msako unahamia kwenye waya. Kwa saketi nyingi za aina hii kuna jaribio rahisi zaidi: sensa ichomolewe, namba isomwe tena. FMI 4 ikigeuka kuwa FMI 3, yaani volti imepanda, waya ni mzima na kosa liko ndani ya sensa iliyochomolewa. Ikibaki FMI 4, sensa haina hatia, na kuinunua mpya ni kutupa fedha.

Mfano unaofundisha kuliko wote ni ule wa taa nyingi kuwaka kwa pamoja. Lori linaonyesha hitilafu ya shinikizo la oili, la hewa ya turbo, la mafuta na ya kanyagio la mafuta, zote asubuhi moja. Mwenye gari anaambiwa kompyuta imeungua, na bei ya kompyuta anaijua. Lakini sensa nyingi za injini hupewa umeme wa volti 5 kutoka chanzo kimoja ndani ya kompyuta, na sensa moja iliyopasuka ndani au waya mmoja uliosuguliwa na bano la chuma unaweza kuuvuta umeme huo chini kwa wote. Fundi anayepima anaweka maltimita kwenye soketi mojawapo, anasoma labda volti 1 badala ya 5, kisha anachomoa sensa moja moja huku akitazama namba. Ghafla volti 5 zinarudi. Aliyechomolewa mwisho ndiye mwenye kosa. Kazi imekwisha, na kompyuta iliyotaka kutupwa bado ina maisha yake.

Mtandao wa mawasiliano wa lori, ule wa nyaya mbili zilizosokotwa ambao Bosch waliutangaza mwaka 1986 kwa jina la CAN, nao hupimika bila mashine ya gharama. Kila mwisho wa nyaya hizo kuna kizuizi cha omu 120. Betri ikitolewa na maltimita ikiwekwa kati ya nyaya hizo mbili, namba inayotakiwa ni 60. Ikisoma 120, upande mmoja umekatika. Ikikaribia sifuri, nyaya zimegusana.

Namba inayodanganya kuliko zote ni sifuri ya omu kwenye waya mnene. Malori mengi ya Ulaya na Japani hutumia volti 24, betri mbili za volti 12 zikiwa zimeungwa mfululizo. Stata ikianza kuzunguka kwa uchovu, betri hubadilishwa, kisha stata. Anayepima waya wa ethi kati ya injini na chesisi kwa omu, gari likiwa limezimwa, ataona sifuri na kuamini kuwa ni mzima. Maltimita inapitisha umeme mdogo mno. Hata uzi mmoja wa shaba uliobaki kati ya mamia yaliyooza unautosha. Stata inataka mamia ya ampea, na uzi mmoja hauwezi. Kipimo cha kweli hufanywa kazi ikiendelea: ncha moja ya maltimita kwenye nigativu ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, kijana anazungusha stata. Ikionekana zaidi ya nusu volti au karibu hapo, umeme unapotea njiani, na kinachotakiwa ni brashi ya waya, spana na terminali safi. Kipimo hiki kinastahili kufundishwa juma la kwanza la kila kozi ya umeme wa magari, kabla ya kompyuta yoyote kuwashwa.

Kuna madhara pia yanayofanywa na mikono inayotafuta tiba. Sindano ya testa inayotoboa ganda la waya huacha tundu. Maji huingia, na baada ya masika kadhaa shaba ndani imekuwa kijani. Taa ya testa ya zamani huvuta umeme mwingi kuliko saketi nyingine za kompyuta zinavyostahimili, ilhali maltimita nzuri haivuti karibu chochote. Na fundi wa kuchomelea anayeitwa kuunga chesisi iliyopasuka asiwashe mashine yake kabla betri haijatolewa na soketi za kompyuta hazijachomolewa.

Malori yaliyotumika yanayoletwa kutoka Ulaya yameongeza mtihani mwingine. Yanakuja na mfumo wa kusafisha moshi kwa AdBlue, maji yenye urea ya asilimia 32.5, na injini hujipunguzia nguvu mfumo huo ukikosa afya. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua kubwa, lakini injini za Euro 5 na Euro 6 zilitengenezwa kwa kutegemea sehemu 10. Wengi hukimbilia kumlipa mtu afute mfumo mzima kwenye programu. Ni uamuzi mbaya. Moshi uliokuwa ukisafishwa unarudi kwenye mapafu ya watu wa Mlolongo na Tunduma, wanaoishi kando ya foleni, na mara nyingi chanzo chenyewe kilikuwa sensa moja au pampu iliyozibwa na urea ya mbolea iliyokorogwa kwa maji ya bomba.

Ili fundi apime, anahitaji kujua namba sahihi ni ipi, na hapa lawama haimwelekei yeye. Michoro ya nyaya na vipimo vya kiwandani hukaa nyuma ya nywila za mawakala. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya mwaka 2009 ya malori ya Euro 6, uliweka kwa pamoja masharti ya moshi na haki ya mafundi huru kupata taarifa za matengenezo. Injini zilezile zikivuka bahari na kufika Mombasa au Dar es Salaam, haki hiyo haivuki nazo. Serikali zinazotoza ushuru kwa kila lori linaloshushwa bandarini zinaweza kuidai, na vyuo vya ufundi kama VETA vinaweza kuchapa vitini vya vipimo hivyo kwa Kiswahili, lugha ambayo gereji zote hizi hufanyia kazi.

Linalobaki liko mikononi mwa mwenye lori, na halingoji sheria. Alipie saa ya kupima, kwa bei inayojulikana, hata kama siku hiyo hakuna spea iliyofungwa. Adai karatasi yenye namba: volti za betri stata ikizunguka, shinikizo la oili kwa geji, shinikizo la reli, SPN na FMI zake zote mbili, na jina la waya au kipuri kilichopimwa. Akiletewa bei ya pampu bila karatasi hiyo, asitoe fedha.